Silent Hunter III: topido hazilipuki, sevu inakrashi. Niendelee nalo au nilifute?

Kobe_Mweusi

Wakuu habari za jioni. Mimi napenda sana magemu ya vita ila laptopu yangu ni ya kizamani, i3 ramu 4, kadi ya grafiksi hakuna, kwa hiyo magemu ya siku hizi nayaona kwenye video za watu tu. Kuna jamaa kazini akanipa Silent Hunter III, lile gemu la 2005 la nyambizi za Wajerumani vita ya pili ya dunia, akaniambia hili litakubali kwenye mashine yako na hutalichoka. Kukubali limekubali kweli, linakimbia bila shida. Hilo la kutolichoka ndo bado sijaliona.

Unatoka bandari ya Kiel, unaambiwa nenda kwenye kisanduku fulani cha ramani ukapige doria masaa 24, unasafiri wee bahari tupu, hata ukikimbiza muda mara 1024 bado unasinzia. Ukija kukutana na meli dhoruba imeanza na ikianza haiishi, wiki nzima mvua na mawimbi huoni hata mita mia tano. Juzi ndo nimepata meli ya mizigo iko peke yake, bahari imetulia, nikajipanga vizuri nikamimina topido zote tatu. Ya kwanza ililipuka yenyewe katikati ya safari. Ya pili niliisikia kabisa imegonga ubavu, ngo! halafu kimya. Ya tatu ikapita nyuma ya tezi (mkia wa meli). Meli ikaanza kwenda zigizaga inakimbia na mimi nimebaki nayaangalia maji. Nikasema nirudi kwenye sevu niliyoweka nikiwa chini ya maji wakati naivizia, gemu likakrashi, na kila nikiifungua ile sevu inakrashi palepale.

Sasa naomba kujua, hizi topido ni bagi (hitilafu ya gemu) au? Kuna modi (nyongeza za wachezaji) ya kurekebisha? Na kwa aliyelicheza muda mrefu, kuna raha huko mbele au nilifute nirudi kwenye mpira? Msiniambie ninunue kompyuta mpya tafadhali, hela yenyewe ya bando naunga unga.

Sindano_Butu

Futa mkuu, usijitese. Mimi hilo gemu nalijua, robo tatu ya muda unaangalia ramani na kalamu, robo iliyobaki unaangalia gemu likifa. Skrini imefungwa kwenye 1024 kwa 768, mabaharia wako wanachoka kila saa mpaka uwahamishe mmoja mmoja kwa mausi kutoka vitandani kwenda kwenye injini, halafu eti wewe ndo nahodha. Nahodha gani anapanga zamu za kulala? Na hizo nyambizi za Wajerumani historia inasema zilikuwa zinawinda kwa makundi, kwenye gemu uko peke yako bahari nzima, ukiripoti msafara kwa redio hakuna mwenzako anayekuja. Kitu kikuu cha vita yenyewe hakimo!

Pweza wa Kigamboni

Sindano umeongea kweli yote na bado nakupinga. Kobe usifute.

Tuanze na topido. Hiyo siyo bagi, watengenezaji walikusudia kabisa, kwa sababu topido za Wajerumani mwanzoni mwa vita zilikuwa hovyo kwelikweli. Zilikuwa na kifyatuzi cha sumaku kinachotakiwa kulipua topido ikipita chini ya mkuku (uti wa chini) wa meli, matokeo yake zingine zinalipuka kabla hazijafika, zingine hazilipuki kabisa, na juu ya hapo zilikuwa zinazama kina kirefu kuliko ulichopanga. Norway Aprili 1940, Wajerumani walipoivamia, ilikuwa aibu tupu. Prien, yule yule nahodha wa nyambizi aliyeingia Scapa Flow, kituo cha manowari za Waingereza, Oktoba 1939 akaizamisha manowari yao Royal Oak, alikuta meli za Waingereza zimetia nanga ndani ya ghuba, akapiga topido nane, hakuzamisha hata moja. Baadhi ya wakubwa wa idara ya topido waliishia mahakama ya kijeshi, na lile tatizo la kina halikueleweka sawasawa mpaka mwanzoni mwa 1942. Wamarekani nao wakayapata hayo hayo Pasifiki na topido zao za Mark 14, ukicheza Silent Hunter ya nne utayaonja. Kwa hiyo wewe ukisikia ngo halafu kimya ujue manahodha wa kweli waliisikia hiyo hiyo na hawakuwa na sevu ya kurudia.

Kama hutaki hiyo adha, kwenye mipangilio ya uhalisia kuna sehemu ya topido mbovu, izime. Ila mimi nakushauri uiache, ubadilishe upigaji wako. Weka kifyatuzi cha kugonga achana na sumaku, kina weka mita 3 au 4, na hakikisha topido inaipiga meli ubavu ikiwa imekaa kama herufi T. Ikigonga kwa mshazari inateleza, hiyo ngo yako nadhani ndo ilivyokuwa. Na usipige ukiwa karibu na meli kuliko mita 300, kifyatuzi kinakuwa hakijajikoki. Mita 800 mpaka 1000 ndo patamu.

Sasa ile ya tatu iliyopita nyuma ya tezi ni kwamba kasi ya meli uliikadiria. Usikadirie. Chukua saa ya gemu, weka alama kwenye ramani meli ilipo, subiri dakika 3 na sekunde 15, weka alama nyingine, pima umbali. Kila mita mia ni noti moja (kipimo cha kasi baharini). Imetembea mita 800, inakwenda noti 8, basi, hakuna kikokotoo. Ukishajua njia yake nenda mbele ukaisubiri huko, nyambizi yako omo (pua yake) ikikata njia yake digrii 90 kamili. Topido ya umeme inakwenda noti 30. Meli ya noti 8 na topido ya noti 30, unatakiwa kupiga meli ikiwa bado digrii 15 kabla haijafika mbele ya omo yako, kwa hiyo geuza periskopu digrii 15 upande meli inakotokea, weka topido iende moja kwa moja bila kupinda, halafu usiguse kitu. Meli itajileta yenyewe. Omo ikigusa mstari piga ya kwanza, bomba la moshi likigusa mstari piga ya pili. Umbali hata usipoujua inagonga tu, ndo uzuri wa hii njia. Meli ya noti 6 tumia digrii 11.

Hapo ndo raha ya hili gemu ilipo na Sindano huwezi kuiona kama ulimwachia ofisa wa silaha akupigie kila kitu. Ukimwachia yeye unabaki na zile bagi na usingizi. Ukifanya hesabu mwenyewe ule muda wa kuangalia ramani unageuka kazi, dakika unazosubiri topido ifike unahesabu na saa mkononi, sekunde ulizopiga hesabu zikikaribia unashika meza, zikipita na hujasikia kitu roho inakutoka, halafu sekunde mbili baadaye unasikia mlio.

Mambo ya kukrashi ni rahisi. Kwanza weka toleo 1.4b. Pili, usisevu kamwe ukiwa umezama wala ukiwa karibu na meli yoyote, sevu ukiwa juu ya maji na bahari tupu pande zote, na hiyo sevu iliyokufa ifute haifufuki. Ukitaka modi kuna GWX toleo la 3, ya 2008, kubwa, inaongeza meli na bandari na kuwatia akili adui, ila kwa ramu yako anza na gemu tupu kwanza, GWX ikianza kupakia unaweza kupika chai ukanywa ukaosha na kikombe.

Sindano_Butu

Sawa hesabu ni nzuri, sikatai. Lakini hujajibu la makundi. Unamsifia Prien na Norway na uhalisia huku kitu kilichokaribia kuinyima Uingereza chakula hakimo ndani ya gemu. Si bora achukue gemu la UBOAT la wale Wapoland lililotoka rasmi 2024?

Pweza wa Kigamboni

UBOAT kwenye i3 isiyo na kadi? Itawasha feni tu mkuu. La makundi sina utetezi, ni tundu kubwa na modi haijaliziba. Najifariji na 1939 na 1940, nyambizi zilikuwa chache na mara nyingi kila mtu alikuwa kivyake, miaka hiyo gemu liko karibu na ukweli. Kuanzia 1941 unaanza kuona pengo.

BintiLikoni

Asalaam aleikum. Mimi niko Mombasa nalicheza pia, na nakubaliana na Pweza kuhusu hesabu, ila kuna ila moja ambayo hamjaitaja na mimi ndiyo inanikera kuliko hizo bagi. Ukizamisha meli wapewa tani. Tani elfu tano, hongera nahodha, pointi hizo. Watu hawamo. Waangalia kwa periskopu meli yaenda chini na bahari imekaa safi kama hakuna aliyekuwa ndani.

Sisi huku mambo haya yalitufikia. Baada ya Wajapani kupiga Ceylon (Sri Lanka ya leo) 1942 Waingereza walileta manowari zao Kilindini. Februari 1944 msafara ulitoka hapa hapa Mombasa kwenda Colombo, meli tano za askari, mojawapo Khedive Ismail, ina zaidi ya watu 1,500, wengi wao ni askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wa kikosi cha 301. Tarehe 12 karibu na Maldives nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga topido mbili. Ilizama kwa dakika chache tu, walikufa watu 1,297, wakiwemo manesi. Na ile nyambizi ilijificha chini ya waliokuwa wakiogelea, manowari ya Waingereza Petard ikaangusha mabomu yake pale pale maana ikiiacha itaenda kupiga meli zingine. Wale askari wetu majina yao yako kwenye kumbukumbu ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, mtu aweza kwenda kuyasoma.

Simwambii mtu asicheze, mimi mwenyewe jana nilikuwa nangojea msafara magharibi ya Ireland. Ila nasema gemu lililojali mpaka kifyatuzi cha topido kibovu lingeweza kujali na hilo. Hata mashua moja ya kuokolea.

Sindano_Butu

Dada hiyo sikuwahi kuisikia, na nimesoma Nairobi. Shule walitufundisha Burma, hii ya Maldives hapana.

Pweza wa Kigamboni

Binti umenena. Na upande wa pili ni hivyo hivyo, kwenye mabaharia kama elfu 40 wa nyambizi za Wajerumani karibu elfu 30 hawakurudi. Gemu linakuua ndiyo, ila ukifa unaanzisha kazi mpya kwa kubonyeza mara moja.

Kobe_Mweusi

Wakuu nimerudi. Nimefanya ile ya digrii 15, meli ya noti 8 kweli, nikakaa nimegandia mstari sikugusa kitu kama ulivyosema. Ya kwanza imeingia katikati, ya pili karibu na tezi, imekatika vipande viwili!! Nimepiga kelele mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna goli. BintiLikoni asante kwa hiyo historia, nimeisoma mara mbili, na ile meli ilivyozama nilikaa naangalia kama kuna mtu. Kweli hamna.

Sasa swali jingine, dakika chache baadaye ikaja destroya (manowari inayowinda nyambizi), nikazama, mita 40 nikagusa mchanga. Ikanipiga mabomu mpaka nikafa. Unakimbiaje hapa?

Pweza wa Kigamboni

Hahaha goli. Hapo uko North Sea na nyambizi ndogo ya Type II, sehemu kubwa ya kusini haifiki hata mita 50, kina hakipo cha kukimbilia. Kabla hujashambulia uliza kina kilichopo chini ya mkuku na ujue tayari utatokea wapi, shambulia usiku ikiwezekana, na ukishapiga usibaki kuangalia meli inavyozama, nenda.

Ikishakukuta, geuza omo au tezi imwelekee ili mwangwi wake upate kitu chembamba, mwendo wa noti 2 basi, na kaa mwenyewe kwenye hidrofoni (chombo cha kusikilizia majini). Chombo chake cha kukutafuta kinaangalia mbele, akifika juu yako kabisa hakuoni, mabomu anaangusha kwa kukisia. Kwa hiyo ukisikia propela zimepanda juu ya kichwa ndo unakanyaga mafuta mpaka mwisho na kukata kona kali, mabomu yakiwa yanalipuka na yeye hasikii kitu. Kelele zikiisha rudi noti 2. Rudia hivyo hivyo, atachoka kabla yako, 1939 hawana mabomu mengi wala akili nyingi. Fika 1943 hiyo mbinu inakufa kwa sababu ya Hedgehog, inarusha mabomu 24 mbele ya meli wakati bado anakuona. Mei 1943 peke yake Wajerumani walipoteza nyambizi 41.

Ila huko bado mbali. Pointi zako usinunulie mabaharia wenye nishani, zitunze uchukue Type VII, ina topido 14, matundu manne omo na moja tezi, halafu omba uhamisho kwenye kikosi cha Atlantiki. Kule kina kipo cha kutosha.