Je, televisheni ya umma bado ni sehemu ya sera ya elimu?

Mdau wa Sera ameuliza:

Wanajukwaa, naomba mnisaidie kufikiri juu ya jambo linalonisumbua tangu nilipoanza kufuatilia mijadala ya bajeti za elimu. Sera ya elimu hujadiliwa katika kamati moja, ambako watu huzungumzia mitaala, vitabu, uhaba wa walimu na, siku hizi, vishikwambi. Televisheni ya umma hujadiliwa katika kamati nyingine, ambako huzungumziwa ada, ruzuku, madeni na ushindani wa chaneli za kibiashara. Kamati hizi mbili hazikutani, na kwa hiyo serikali inaweza kupunguza fedha za shirika la utangazaji kwa sababu za kihasibu tu, bila mtu yeyote wa upande wa elimu kuulizwa ni watoto gani walikuwa wakijifunza kusoma na kuhesabu kupitia shirika hilo.

Kilichonizindua ni yaliyotokea Marekani mwaka 2025. Mwezi Mei, Wizara ya Elimu ya nchi hiyo ilisitisha ruzuku ya Ready to Learn, iliyokuwa ikigharamia vipindi na michezo ya kielimu kwa watoto wadogo. Mwezi Julai, Bunge likafuta takriban dola bilioni 1.1 zilizokwisha kuidhinishwa kwa ajili ya utangazaji wa umma kwa miaka miwili iliyokuwa inafuata, na tarehe 1 Agosti shirika lililokuwa likigawa fedha hizo, ambalo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, likatangaza kwamba linaanza kufunga shughuli zake. Katika hoja nilizosoma za pande zote mbili, sehemu kubwa ilihusu habari za kisiasa na upendeleo wake. Vipindi vya watoto vilitajwa kwa huruma kidogo, kisha vikaachwa.

Swali langu ni hili: utangazaji wa elimu ubaki kuwa wajibu wa kisheria wa televisheni ya umma, tena wenye fungu lake katika bajeti ya elimu, au tukubali kwamba kazi hiyo imehamia kwenye intaneti na fedha ziifuate huko? Ningependa kusikia hasa kutoka kwa waliofanya kazi darasani au katika vituo vya utangazaji.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Ndugu Mdau, nimefundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, na vipindi vya televisheni nimevitumia darasani katika nyakati zake nzuri na mbaya, kwa hiyo nitaomba nafasi kidogo.

Kosa la kwanza katika mjadala huu ni kuuliza kama televisheni inafundisha au haifundishi. Inategemea nani yumo chumbani pamoja na mtoto. Katika Samoa ya Marekani, visiwa vya Pasifiki vilivyo chini ya Marekani, kuanzia mwaka 1964, televisheni ilifanywa kuwa mwalimu mkuu: masomo yalirushwa kutoka kituo kimoja hadi shuleni, na mwalimu wa darasani akabaki kufuata ratiba aliyopangiwa na watu asiowaona. Haikuchukua zaidi ya muongo mmoja kabla nafasi ya televisheni kupunguzwa, kwa sababu wanafunzi wakubwa waliichoka na walimu walijiona wamenyang'anywa kazi yao. Mexico nayo ilianzisha Telesecundaria mwaka 1968 kwa ajili ya vijiji ambavyo havikuwa na walimu wa kutosha wa kila somo, lakini huko kipindi kilikuwa kifupi, kitabu kiliandikwa kiambatane nacho, na mwalimu mmoja aliyekuwa darasani ndiye aliyeongoza mazungumzo na mazoezi baada ya kipindi kwisha. Mfumo huo upo hadi leo na unahudumia zaidi ya wanafunzi milioni moja. Chombo kilikuwa kilekile katika sehemu zote mbili, ila heshima aliyopewa mwalimu haikuwa sawa.

Kwa watoto ambao hawajaanza shule, hali ni tofauti, kwani hapo televisheni huweza kufanya kazi hata pasipo mwalimu. Sesame Street, kipindi cha kuwafundisha watoto wadogo herufi na namba, ilianza kurushwa tarehe 10 Novemba 1969, na wakati huo baadhi ya maeneo ya Marekani yaliipata vizuri huku mengine, ambayo kituo chake kilitumia masafa ya UHF (mawimbi ya juu ambayo televisheni nyingi za wakati huo hazikuyapokea vizuri), yakiipata kwa shida au yakiikosa kabisa. Wachumi Melissa Kearney na Phillip Levine waliitumia tofauti hiyo kulinganisha watoto wa pande hizo mbili, wakagundua kwamba wale wa maeneo yaliyopata mawimbi mazuri walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa katika darasa linalolingana na umri wao, hasa wavulana, watoto weusi na watoto wa maeneo maskini. Kuhusu kiwango cha elimu walichofikia ukubwani, matokeo hayakuwa dhahiri, na sipendi watetezi wa televisheni wanaposahau kulisema hilo. Hata hivyo, mimi niliyepokea watoto wa darasa la kwanza mwaka baada ya mwaka najua maana ya mtoto kufika akiwa anazijua herufi zake. Mtoto huyo hakuogopi, anakaa mbele na anataka kusoma.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni ndiyo, uwepo wajibu wa kisheria, lakini sheria ianze na umri. Shirika likiambiwa tu kwamba lirushe "vipindi vya elimu", litarusha midahalo ya wataalamu saa nne usiku na kuandika katika ripoti yake ya mwaka kwamba wajibu umetimizwa.

Mlipakodi amejibu:

Nawaheshimu mliotangulia, lakini naomba hoja ya upande wa pili isikilizwe bila kudhaniwa kuwa ni ya mtu asiyependa watoto. Vijana wengi hawaiwashi televisheni tena. Wanatafuta somo la hesabu kwenye simu na kulipata kwa dakika wanayolitaka. Aidha, katika nchi nyingi kinachoitwa televisheni ya umma ni televisheni ya serikali, na mtoto anayeiwasha kwa ajili ya somo la sayansi hukutana kwanza na waziri akizindua jengo. Kwa nini familia ilipe kodi kulinda chombo cha namna hiyo kwa kisingizio cha elimu? Fedha hizohizo zinunue intaneti kwa shule.

Mhandisi wa Matangazo amejibu:

Ndugu Mlipakodi, kuhusu uhuru wa vyombo hivyo sina la kukupinga. Kuhusu intaneti, naomba tutazame jinsi mitambo inavyofanya kazi, kwa sababu wanasiasa wengi hulipita jambo hili haraka mno.

Mnara wa kurushia matangazo hutumia umeme uleule, iwe wanaotazama ni elfu moja au milioni kumi. Mtazamaji mpya haongezi gharama kwa kituo, na yeye mwenyewe halipi kwa kila dakika anayotazama. Katika intaneti kila anayetazama hupelekewa nakala yake, na kila nakala ina bei, ambayo sehemu yake hulipwa na mzazi kupitia kifurushi cha data. Kwa familia yenye simu moja na watoto watatu wa madarasa tofauti, tofauti hii huamua nani atasoma leo na nani atasubiri.

Tuliliona hili shule zilipofungwa kwa ajili ya UVIKO-19. Uingereza ni nchi yenye intaneti nzuri, na bado Januari 2021 BBC ilianza kurusha saa tatu za masomo ya msingi kila siku ya shule katika chaneli ya watoto ya CBBC, na angalau saa mbili za masomo ya sekondari katika BBC Two, kwa kuwa ilikuwa wazi kwamba kuna nyumba zenye televisheni lakini zisizo na kompyuta wala data ya kutosha. Mexico nayo, Agosti 2020, iliwafikia wanafunzi wake takriban milioni 30 kwa kuingia makubaliano na kampuni nne za televisheni za kibiashara, kwa sababu mtandao wa vituo vya umma peke yake usingetosha. Nchi isiyotunza minara yake itaikodi kwa mwenye nayo siku ya dharura.

Kuna pia suala la masafa, yaani mawimbi ya hewani yanayobeba matangazo, ambalo likishaamuliwa halirudi nyuma kirahisi. Kampuni za simu zinayahitaji masafa ya televisheni na ziko tayari kuyalipia. Nchi za Umoja wa Ulaya zimekubaliana kwamba masafa ya megahezi 470 hadi 694 yabaki yakipatikana kwa matangazo ya ardhini, yaani yanayorushwa kwa minara, hadi angalau mwaka 2030. Baada ya hapo mjadala utakuwa mkali, na ningependa kuona wizara za elimu zikiwa mezani. Katika vikao vya kiufundi nilivyowahi kuhudhuria, sikumwona hata mwakilishi mmoja wa elimu.

Mdau wa Sera amejibu:

Nawashukuru nyote. Mwalimu amenibadilisha katika jambo moja: nilikuwa nikifikiria kiasi cha saa za matangazo, kumbe nilipaswa kufikiria umri wa mtoto na nani yuko karibu naye. Ndugu Mhandisi, suala la masafa sikuwa nimelifikiria kabisa.

Ndugu Mlipakodi, hoja yako kuhusu waziri na jengo ndiyo iliyo nzito kuliko zote, na sidhani inajibiwa kwa kusifu vipindi vya watoto. Chanzo cha fedha ndicho kinachoamua. Bajeti inayopigiwa kura kila mwaka humfanya mkurugenzi wa kituo aangalie uso wa waziri. Ada au kodi maalumu iliyopangwa kwa miaka kadhaa humpa nafasi ya kupumua, ingawa nayo huhitaji ridhaa ya wananchi. Uswisi iliwauliza wananchi wake waziwazi tarehe 4 Machi 2018 kama wanataka kuifuta ada ya redio na televisheni, na asilimia 71.6 wakakataa kuifuta, baada ya miezi ya mjadala ambamo kila upande ulilazimika kueleza nini kingepotea na nini kingeokolewa. Ugiriki ilifanya kinyume: tarehe 11 Juni 2013 serikali ilitangaza kulifunga shirika lake la utangazaji wa umma, ERT, na usiku uleule skrini zikawa nyeusi. Ilichukua miaka miwili hadi lirudi hewani. Naamini mtu anaweza kufika kwenye uamuzi wa kupunguza au hata kufunga, lakini asifike huko kwa usiku mmoja, wala bila kumtaja kwa jina la ofisi yule atakayeichukua kazi ya elimu iliyokuwa ikifanywa.

Ndiyo maana sasa ningependekeza kifungu kimoja tu katika sheria: kabla fedha za utangazaji wa umma hazijapunguzwa, wizara ya elimu iwasilishe bungeni maelezo ya maandishi kuhusu masomo na vipindi vya watoto vitakavyoathirika, na ni njia ipi, iliyo tayari na si ya ahadi, itakayowafikia watoto hao nyumbani kwao bila gharama.

Mlipakodi amejibu:

Kifungu hicho ningekiunga mkono, kwa sharti moja: kifanye kazi pande zote mbili. Shirika likiomba nyongeza kwa jina la elimu, nalo lieleze kwa maandishi ni watoto wa umri gani watakaohudumiwa, saa ngapi za siku, na kwa ushirikiano na walimu wepi. Na maelezo hayo yatangazwe kwenye chaneli yenyewe, saa ambayo wazazi wako nyumbani.