Gesi ya bomba, mtungi au jiko la umeme: mlioko India mnatumia nini?

Mpangaji_Pune
Wakuu salaam. Niko Pune mwaka wa tatu huu, mimi, mke wangu, mtoto mmoja na mdogo wangu anayesoma chuo, wote flati moja ya kupanga ghorofa ya nne. Juzi kamati ya jengo imeita kikao, kampuni ya gesi inapitisha bomba mtaani kwetu na wanataka kila flati iseme inaunganishwa au haiunganishwi. Mwenye nyumba kanipigia akasema nyie ndo mnaopika, amueni, depoziti nitatoa mimi. Sasa nina njia tatu, nibaki na mtungi wa kilo 14.2 kama tulivyozoea, niingie kwenye bomba, au niachane na gesi ninunue jiko la umeme la indaksheni maana dogo kashikilia kwamba ndo rahisi kuliko vyote. Na kingine kinachonisumbua, kila mji ninaopita India naona mitaro inachimbwa na mabomba ya plastiki yamerundikwa pembeni ya barabara, hii gesi yote wanaitoa wapi na bei itakaaje huko mbele? Sitaki nijifunge na kitu halafu mwakani naanza kulia. Wenye uzoefu naombeni mwongozo.

BintiMvita
Kaka ingia bomba. Mimi niko Ahmedabad mwaka wa sita. Kwetu Mombasa nimekulia kwenye mtungi wa kilo 13, kila baada ya wiki kadhaa mama anautikisa kusikiliza kama umebaki kitu. Nilipofika huku nyumba ya kwanza ilikuwa ya mtungi, Ramadhani yangu ya kwanza ukakatika saa kumi na moja jioni sambusa ziko kwenye mafuta, na mtungi mwingine ukaja baada ya siku mbili. Nikahamia nyumba yenye bomba na tangu siku hiyo sijawahi kuwaza gesi, mita iko nje ya mlango wa jikoni, bili inakuja kila miezi miwili, nalipa kwa simu basi.

Ila jambo moja usilipuuze. Jiko lako la mtungi haliungwi hivihivi kwenye bomba, fundi wa kampuni lazima abadilishe nozeli aweke zenye tundu kubwa zaidi, la sivyo moto unakuwa mdogo dhaifu unazimika ukipeperushwa na feni. Na usikubali jirani mjuaji akufanyie, subiri fundi mwenyewe.

HesabuZangu
Mi niko Delhi na nimekaa nikapiga hesabu maana kila mtu hapa ananiambia bomba ni rahisi, nikitaka kuona urahisi uko wapi siuoni. Mtungi wa kilo 14.2 una joto sawa na kama mita za ujazo 17 au 18 za gesi ya bomba. Kwa bei za Delhi katikati ya 2025 mtungi usio na ruzuku ulikuwa rupia 853 na gesi ya bomba karibu rupia 49 kwa mita, zidisha mwenyewe, unapata kati ya 830 na 880. Yaani ni kitu kilekile! Pune ina kampuni yake na bei yake kwa hiyo omba bili ya mtu aliyeunganishwa mtaa wa pili uangalie, lakini usitegemee kuokoa pesa nyingi. Unachonunua ni kutobeba mtungi na kutoishiwa katikati ya upishi, na hilo lina thamani yake ukiwa na mtoto.

Kwa indaksheni, dogo yuko sahihi nusu. Lile jiko linapeleka joto kwenye sufuria vizuri sana, kama asilimia 85, wakati jiko la gesi linapoteza karibu nusu pembeni. Ukifanya hesabu mtungi mmoja unalingana na uniti kama 120 hadi 125 za umeme wa indaksheni. Kwa hiyo ukilipa chini ya rupia 7 kwa uniti umeme unashinda, ukilipa zaidi unashindwa. Tatizo ni kwamba bei ya umeme wa nyumbani inapanda kwa ngazi kadiri unavyotumia, ukiongeza uniti 120 juu ya AC na friji na hita ya maji ya kuoga unaweza kuangukia ngazi ya juu na faida yote ikaliwa. Chukua bili yako ya Mei, mwezi wa joto, uangalie uliishia ngazi gani.

Fundi_DDN
Nasoma mambo ya gesi hapa Dehradun nakaribia kumaliza, acha nijibu ile ya gesi inatoka wapi maana ndo swali zito kuliko la jiko.

India wameigawa nchi kwenye maeneo 307 na mamlaka yao ya udhibiti, PNGRB, inatoa zabuni, kampuni moja inapewa eneo lake inajenga mtandao na inapewa malengo, nyumba kadhaa, vituo kadhaa, urefu fulani wa bomba. Zamani ilikuwa Mumbai, Delhi, Gujarat na miji michache. Mlipuko ulikuja kwenye zabuni za 2018 na 2019 ambapo maeneo zaidi ya 130 yaligawiwa kwa mkupuo, ndo maana unaona mitaro kila mahali. Nyumba zilizounganishwa 2014 zilikuwa kama milioni 2.5, mwaka 2025 zilikuwa karibu milioni 15. Vituo vya CNG, yaani gesi asilia ileile ya bomba iliyoshindiliwa kwa ajili ya magari, vilikuwa chini ya elfu moja, 2025 vilikuwa karibu elfu 8. Lakini weka pembeni ya hizo namba ya mtungi, wateja wa mtungi ni zaidi ya milioni 300, na zaidi ya milioni 100 kati yao waliingia kupitia mpango wa Ujjwala ulioanza Mei 2016 kwa ajili ya kaya maskini zilizokuwa zinapikia kuni na samadi. Bomba bado ni mtoto mdogo.

Sasa gesi yenyewe. Nusu ni ya kwao, visima vya baharini vya Mumbai ambavyo vimezeeka, na vile vya Krishna Godavari upande wa mashariki. Nusu nyingine inaletwa na meli ikiwa imepozwa sana hadi kuwa kimiminika, LNG, inashushwa bandari za Dahej, Hazira, Kochi, Ennore, Dhamra na kwingineko. Ile ya visima vya zamani bei yake imefungwa na serikali, tangu Aprili 2023 ina kikomo, ilianza dola 6.5 kwa kipimo chao cha joto na sasa kikomo kinapanda robo dola kila mwaka. Hiyo rahisi ndo wanapewa kwanza watu wa majumbani na CNG ya magari. Shida ni kwamba visima vinapungua na wateja wanaongezeka. Oktoba na Novemba 2024 serikali ilikata mgao huo kwa upande wa CNG mara mbili mfululizo, kampuni zikajazia na gesi ya bei ghali, na miji mingi bei ya CNG ikapanda. Mgao wa jikoni ulilindwa, lakini ukitaka kujua bei ya bomba lako itaelekea wapi baada ya miaka mitano angalia hapo.

Shirika la Kimataifa la Nishati lilitoa taarifa Februari 2025 likasema mahitaji ya gesi India yanaweza kupanda kwa karibu asilimia 60 kufika mita za ujazo bilioni 103 mwaka 2030, na sehemu kubwa ya ongezeko ni hii mitandao ya mijini. Karibu ongezeko lote itabidi lije na meli.

Bajaji_Tegeta
Nafuatilia huu uzi toka Dar, mimi bajaji yangu naendeshea gesi na nauliza upande wa barabarani. Sisi huku gesi ni yetu wenyewe, ya Songo Songo inakuja Dar tangu 2004, kinachotuua ni foleni ya kujaza, siku nyingine unapoteza nusu siku ya kazi. Je huko India walivukaje hapo? Na kama wanaingia umeme mbona bado wanajenga vituo vya gesi?

HesabuZangu
Mkuu Delhi hawakuvuka kwa hiari, walisukumwa na mahakama. Julai 1998 Mahakama ya Juu iliamuru mabasi yote ya umma yahamie CNG, sababu moshi wa dizeli ulikuwa unaua watu, serikali ikavutavuta miguu, tarehe ya mwisho ya 2001 ikapita, na hapo katikati foleni za kujaza zilikuwa ndefu kama zenu na abiria walikwama vituoni. Basi la mwisho la dizeli la mji liliondoka mwishoni mwa 2002. Kilichoondoa foleni ni vituo kuwa vingi na bomba kufika kituoni moja kwa moja, maana kituo kinacholetewa gesi kwa lori lenye mitungi kinajaza polepole, presha inashuka kadiri mitungi inavyokwisha, dereva wa tano anajaziwa nusu. Kituo kilichoko juu ya bomba na mashine yake ya kushindilia hakina shida hiyo.

Kwa bei, katikati ya 2025 CNG Delhi ilikuwa kama rupia 77 kwa kilo na petroli 95 kwa lita, na kilo moja inakwenda mbali kuliko lita. Bado inalipa. Lakini mabasi mapya ya Delhi sasa ni ya umeme, na riksho za umeme zimejaa kila kituo cha metro. Maoni yangu, CNG miji mikubwa itasimama, itakua miji midogo na kwa magari ya familia. Bajaj wenyewe Julai 2024 walitoa hadi pikipiki ya CNG.

MzigoMorbi
Mimi ni mfanyabiashara wa vigae, naenda Morbi Gujarat kila mwaka kufungasha kontena. Nataka niwape onyo ambalo wanaopika sambusa hawalioni. Viwanda vya Morbi vilikuwa vinachoma kwa gesi ya makaa ya mawe wanayoitengeneza wenyewe, mji ulikuwa mchafu kweli, 2019 mahakama ya mazingira ikapiga marufuku na vyote vikaunganishwa na gesi ya bomba. Hewa ikabadilika, niliiona kwa macho yangu. Halafu 2022 vita vya Ukraine bei ya LNG ikaruka duniani kote, na bei ya gesi viwandani ikapanda, wenye viwanda wakafanya nini? Wakafunga matangi ya propani, gesi ya jamii ya ile ya mtungi, uani, wengi sana, wakapunguza bomba. Kigae nilichonunua kwa bei fulani kabla ya hapo sikukipata tena.

Kwa hiyo mahitaji ya gesi India siyo mstari unaopanda tu. Mwenye kiwanda ana mlango wa pili, bei ikipanda anatoka. Nyie wa nyumbani mkishaunganishwa hamtoki, kwa hiyo kuweni na mlango wa pili hata kama ni mdogo.

Abu_Muscat
Naongezea jambo moja ndugu zangu. Mtungi nao ni wa kuagizwa, karibu asilimia 60 ya gesi ya mitungi ya India inatoka nje na nyingi inapita Mlango wa Hormuz, ile njia nyembamba ya bahari hapa jirani yetu Muscat. LNG ya Qatar vilevile inapita hapohapo, na Februari 2024 India na Qatar wamesaini tena tani milioni 7.5 kwa mwaka hadi 2048. Ukisema unakimbia bomba kwa kuogopa meli, mtungi hauna uzawa zaidi.

Mpangaji_Pune
Ahsanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Nimeangalia bili ya Mei kama alivyosema HesabuZangu, tulishavuka ngazi ya juu tayari kwa sababu ya AC, kwa hiyo indaksheni peke yake imeanguka. Nimeongea na mke wangu, tunaingia bomba, na kwa maneno ya MzigoMorbi tunanunua indaksheni moja ya sahani moja ya kuchemshia maji na maziwa ya mtoto iwe mlango wetu wa pili. Swali la mwisho ni la usalama, mke wangu anaogopa, anasema mtungi unaufunga ukaona umefunga, bomba liko wazi muda wote.

Fundi_DDN
Mwambie shemeji haliko wazi, kuna valvu kabla ya mita na nyingine karibu na jiko, afunge ile ya jikoni kila usiku. Na presha inayoingia nyumbani ni ndogo mno, milibaa 21 tu, chini sana ya ile ya ndani ya mtungi. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda juu na kutoka, wakati ya mtungi inalala sakafuni kama maji inasubiri cheche. Ndo maana kampuni itadai tundu la hewa ukutani karibu na dari, msije mkaliziba kipindi cha baridi wala kuweka kabati juu yake. Mpira wa jiko ubadilishwe kwa muda ulioandikwa juu yake. Mkisikia harufu, fungeni valvu, fungueni madirisha, msiguse swichi yoyote hata ya kuzima, tokeni nje ndo mpige simu ya dharura.

BintiMvita
Na mkisafiri kwenda nyumbani fungeni ile ya nje kwenye mita, mumuachie jirani namba zenu. Chapati za kwanza zitakusumbua kidogo kaka, moto wa bomba ni mpole kuliko wa mtungi, mwambie wifi aache chuma kipate joto vizuri kabla hajaanza kutupia.