Naomba ushauri: sifa nimpe mtunzi au mhariri?

Wakuu habari zenu, naandaa mada ya hadithi za kisayansi za zamani za Marekani, sasa nimekwama kwa huyu John W. Campbell aliyekuwa mhariri wa jarida la hadithi hizo, Astounding, kuanzia 1937. Jamaa hakuwa wa kupokea tu na kuchapa, zile sheria 3 za roboti (roboti asimdhuru binadamu, amtii, ajilinde) za mwandishi Isaac Asimov, Asimov mwenyewe alisema Campbell ndo alizitaja, Campbell naye anaruka, eti kazitoa kwenye hadithi za huyo Asimov. Halafu mwandishi Tom Godwin karudishiwa hadithi yake "The Cold Equations" mara kadhaa kisa binti anaokolewa, mhariri anataka afe, na 1954 ikatoka kafa kweli! Hapo mtunzi nani jamani? Nianze na Campbell au nirudi kwa Hugo Gernsback, aliyeanzisha jarida la Amazing Stories 1926? Mwenye uzoefu anielekeze, sitaki nimpambe sana maana hata Dianetics, ile "tiba ya akili" ya L. Ron Hubbard, kaipigia debe yeye.