Magic (ule mchezo wa karata, Magic: The Gathering): nichukue deki (seti ya karata) ya rangi gani?

mgeni_karata: Wadau nimeazima deki ya bluu ya jamaa yangu, yani nakaa tu nasubiri mwenzangu acheze nimzuie, mpaka nasinzia. Mi napenda vurugu, nichukue ipi?

moto_chini: Nyekundu mkuu. Unashambulia mapema, pointi 20 za uhai wa mtu zinayeyuka hajajipanga, ila karata zikiisha mkononi umekwisha

babu_kijani: Kijani je? Unarundika mana (nguvu ya kulipia karata) unashusha dude la 6/6, yani nguvu 6 na uimara 6. Halafu usinunue kwanza bana, andika majina kwenye vikaratasi ucheze hata mechi kumi, mi nilikurupuka sasa deki iko chini ya kitanda

mgeni_karata: Haha sawa. Niandike karata zote 60 za deki?

babu_kijani: Zote, na ukiacha ardhi za kawaida (karata za kutoa mana) kila karata mwisho nakala 4