Migahawa ya hadhi ya juu ya Paris, Tokyo, New York na Lima inalinganishwaje kwa haki?

Swali, kutoka kwa Sahani Nyeupe

Ndugu zangu, naomba msaada wa wale wanaoifuatilia kwa karibu migahawa ya hadhi ya juu. Kila ninapojaribu kulinganisha miji mikubwa, nakuta orodha mbili zinazoheshimika zikipingana waziwazi. Kwa hesabu ya nyota za Michelin, mwongozo wa migahawa wa Kifaransa unaotoa nyota moja hadi tatu, Tokyo inaongoza dunia nzima na Paris inaifuata. Nikigeukia orodha ya World's 50 Best Restaurants, Lima imetoa mshindi mara mbili katika miaka ya karibuni, Central mwaka 2023 na Maido mwaka 2025, ilhali Tokyo na Paris hazijawahi kushika nafasi ya kwanza hata mara moja. Ninaweka akiba ili nile katika miji miwili, na kwa kuwa mlo mmoja wa aina hii unaweza kumaliza akiba ya miezi kadhaa, sitaki kuchagua kwa kufuata sifa tupu. Je, kipimo kipi ni cha kuaminika, na mtu alinganishe nini hasa anapouweka mgahawa wa mji mmoja mbele ya ule wa mji mwingine?

Jibu, kutoka kwa Mlaji Taratibu

Orodha hizo hazipingani, kwa sababu hazipimi kitu kimoja. Michelin huwatuma wakaguzi wake wa kuajiriwa, ambao hula bila kujitambulisha na kulipa bili kama mteja yeyote, na nyota hutolewa kwa kuangalia chakula peke yake: ubora wa viambato, ufundi wa upishi, upatanifu wa ladha, namna mpishi anavyojidhihirisha katika sahani zake, na uthabiti wa hayo yote kutoka ziara moja hadi nyingine. Mapambo ya ukumbi hayahesabiwi. Orodha ya 50 Best, iliyoanza mwaka 2002, ni kura ya watu zaidi ya 1,000, wakiwemo wapishi, waandishi wa mambo ya chakula na wasafiri wazoefu, ambao hutaja walikokula vizuri kuliko kwingine. Kwa maoni yangu, kura ya namna hiyo huupa nafasi kubwa mgahawa wenye jambo jipya la kusimuliwa, na huinyima kaunta ndogo yenye viti vichache ambayo wapiga kura wengi hawawezi kuifikia.

Hata hesabu ya nyota ina mipaka yake. Sukiyabashi Jiro, kaunta ya sushi (vipande vya wali na samaki) yenye viti kama kumi iliyo chini ya jengo moja la mtaa wa Ginza, Tokyo, ilipewa nyota tatu tangu mwongozo wa kwanza wa Tokyo ulipotolewa mwaka 2007, lakini mwaka 2019 iliondolewa katika mwongozo kwa sababu haikuwa tena ikipokea maombi ya nafasi kutoka kwa umma, na wala si kwa sababu samaki wake walikuwa wameshuka ubora. Tena mwongozo huo haupo kila mahali, na katika baadhi ya nchi mamlaka za utalii huchangia gharama zake, kama ilivyokuwa Thailand kabla ya mwongozo wa Bangkok kutoka mwishoni mwa 2017. Central iliposhinda, Peru haikuwa na mwongozo wa Michelin kabisa, kwa hiyo kukosekana kwa nyota Lima hakutuambii lolote kuhusu majiko ya Lima.

Jibu, kutoka kwa Moto Mdogo

Nakubaliana na aliyetangulia, ila ningependa tuingie jikoni, kwa kuwa huko ndiko tofauti zenyewe zilipo. Chukua msingi wa ladha tu. Katika jiko la Kifaransa, mifupa huokwa, huchemshwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi huku povu likienguliwa, kisha mchuzi huchujwa na kupunguzwa mpaka uwe mzito wa kushika mgongo wa kijiko, na mwishoni hutiwa siagi baridi ili ung'ae. Katika jiko la Kijapani, mpishi huloweka mwani wa kombu, huutoa kabla maji hayajachemka, hutia vipande vyembamba vya katsuobushi, yaani samaki mkavu wa jamii ya jodari, huchuja, na kazi imekwisha katika muda mfupi sana. Mlaji asiyejua anaweza kudhani kwamba Paris wamefanya kazi zaidi. Ukweli ni kwamba ule mwani umekaushwa, na pengine umewekwa ghalani kwa miaka, na yule samaki wa jamii ya jodari amefukizwa moshi, akakaushwa, na katika aina zilizo bora zaidi akafanyiwa ukungu kwa miezi, kabla mpishi hajagusa sufuria. Kazi imefanywa na watu wengine, mahali pengine, na mgahawa wa Tokyo unastahili kupimwa kwa jinsi unavyowachagua watu hao na kutoiharibu kazi yao.

Kwa hiyo mimi hulinganisha jambo moja linalopatikana katika miji yote, na samaki ndiye anayefaa zaidi. Le Bernardin ya New York, iliyo chini ya mpishi Éric Ripert na yenye nyota tatu tangu mwongozo wa kwanza wa mji huo mwaka 2005, huipanga orodha yake ya vyakula kwa kiasi ambacho samaki ameguswa na moto, na ndani yake unauona ufundi wa michuzi wa Kifaransa ukimhudumia samaki bila kumfunika. Kwenye kaunta ya sushi hakuna mchuzi wa kumsaidia mpishi. Wali huwa na uvuguvugu unaokaribia joto la mwili, samaki ana ubaridi kidogo, na kipande hicho kinapaswa kuliwa mara kinapowekwa mbele yako, maana ukikiacha ili upige picha, ile tofauti ya joto ambayo mpishi ameilenga imekwisha. Central nayo hupanga mlo wake kwa mwinuko wa ardhi, kutoka viumbe wa baharini hadi mazao ya milima ya Andes yanayoota juu ya mita 4,000, na hapo samaki ni sehemu ya maelezo ya nchi nzima.

Naomba pia msiidharau mboga. Mwaka 2001 mpishi Alain Passard aliondoa nyama nyekundu katika orodha ya vyakula ya mgahawa wake wa L'Arpège, Paris, na nyota tatu alizokuwa nazo tangu 1996 zikabaki. Bitiruti yake iliyookwa ndani ya ganda la chumvi ni kipimo kizuri cha mpishi, kwa sababu hakuna kiambato cha bei kubwa kinachoweza kuificha kasoro.

Jibu, kutoka kwa Bili Mezani

Ninyi mmeeleza chakula, na ndugu yetu ameuliza pia kuhusu akiba yake. Bei iliyoandikwa haimaanishi kitu kimoja katika miji yote. Ufaransa, ada ya huduma imo ndani ya bei kwa mujibu wa sheria. New York, migahawa mingi hutarajia mteja aongeze bakshishi ya takriban asilimia 20, juu ya kodi. London, ada ya huduma ya asilimia 12.5 au 15 huandikwa kwenye bili. Japani hakuna desturi ya bakshishi, ingawa migahawa mingi ya hadhi huongeza ada ya huduma. Linganisheni jumla ya mwisho, pamoja na vinywaji, kabla ya kusema mji upi ni ghali.

Sahani Nyeupe

Nashukuru sana. Naelekea kuchagua Paris na Tokyo, nifuate ule mfano wa msingi wa ladha. Kuna tahadhari yoyote kabla sijaomba nafasi?

Moto Mdogo

Paris, uliza kama wana mlo wa mchana, kwani migahawa mingi yenye nyota huutoa kwa bei ya chini kuliko ule wa usiku, na wapishi ni walewale. Tokyo, baadhi ya kaunta hupokea wageni kupitia hoteli wanayofikia, hivyo chagua hoteli yenye mtu wa kukuombea nafasi, na usome masharti ya kughairi, kwa kuwa samaki hununuliwa kwa idadi ya viti na asiyefika mara nyingi hutozwa mlo mzima. Siku ya kwenda kwenye kaunta, usijipulize manukato.