Tupeane uzoefu: mliowahi kupeleka familia kuona treni ndogondogo safarini

MwanaMkomani
Salaam jamani. Jana nikifagia chini ya kitanda nimetoa kijibehewa cha treni, hakifiki urefu wa kidole, magurudumu mawili yameng'oka. Mwanangu alikililia mpaka nikamnunulia, kule Hamburg, Ujerumani, kwenye lile jumba la treni ndogo liitwalo Miniatur Wunderland, tulipokwenda kumwona shangazi yake. Nimekishika tu na yote yamenirudia: foleni, miguu kuvimba, na maneno niliyotoleana na mume wangu mbele ya milima yao ya bandia ya Uswisi, ile iliyotoboa dari ikatokeza orofa ya juu. Yeye anataka kuona kila kichuguu, mimi nataka choo. Wenzangu mliowahi kupeleka watoto kwenye hizi treni, iwe Hamburg, Rimini au kwengineko, hebu mwageni. Sisi ambao treni ya karibu ni ya Miritini, Mombasa, tulifanyaje tulipozikuta elfu moja chumba kimoja?

KaaWaPwani
Miguu! Usinikumbushe. Mie nilitoka mule natembea upande.

Ua_la_Barani
Si chumba kimoja dada, ni jumba zima na sasa wamevuka mfereji kwa daraja wakaingia jumba la pili, huko ndiko walikouweka mji wa Rio wa Brazil. Lakini nakuelewa.

MkeWaMtaliano_Malindi
Sisi wa Malindi bwana safari zetu ni Italia, mnajua sababu. Mie nilipelekwa Italia in Miniatura, pale Rimini. Imefunguliwa tangu 1970, iko nje juani, na uwanja wenyewe umekatwa umbo la nchi yao, lile la kiatu. Unatembea toka milimani mpaka kisigino. Treni zinapita katikati ya makanisa, watoto wanakimbizana nazo kwa pembeni.

Balaa langu halikuwa watoto. Lilikuwa baba mkwe. Mzee ana miaka themanini kasoro, amevaa kofia yake, kazi yake moja: kutafuta mji wao. Roma ameona, Venezia ameona, mji wao hakuuona. Tukazunguka mara ya pili. Akamwita mfanyakazi, wakabishana kwa mikono yote minne. Tangu hapo hakusema na mtu mpaka chakula cha usiku, na aliposema alisema, "Hata kituo cha treni tunacho!" Mwanangu wa miaka mitano ndiye aliyemnyamazisha. Alimuuliza, "Nonno (babu), na Malindi nayo wameisahau?"

BarazaniKwetu
Niseme la kweli? Mtu anatoka Kenya, anakaa kwenye ndege usiku kucha, anaomba viza kwa machozi, anakwenda kutazama vitoto vya treni. Nauli hiyo ungenunua punda wangapi?

MwanaMkomani
Punda ninao, ahsante. Nilikwenda kwa wifi yangu, treni zilikuwa njiani.

Fundireli_Mstaafu
Habari zenu wanangu. Nimeishi na reli miaka mingi kabla ya kuja kupumzika hapa Malindi, mji usio na reli, nami sijutii. Naona mnaziita "vitoto", kwa hiyo niweke sawa jambo moja. Zile za Hamburg ziko kwenye kipimo kiitwacho H0, yaani moja kwa 87. Reli ya Madaraka Express, ile ya Mombasa na Nairobi, ina upana wa milimita 1,435. Gawanya kwa 87, unapata 16.5, na ndio upana wa vile vijireli vyao. Hakuna aliyekisia. Mtu wa futi tano na inchi nane anatoka sentimita mbili. Reli yetu ya kale ya mita moja ingekuwa milimita kumi na moja na nusu. Nilisimama pale nikaangalia jinsi njia zinavyopishana na ishara zinavyobadilika, kompyuta ndiyo inayolinda treni zisigongane, nikasema hawa wamefanya kazi. Magari nayo yanajiendesha: chini ya barabara kuna waya, chini ya gari kuna sumaku, usukani unaufuata waya.

Mke wangu alikaa kwenye benchi akasuka.

KaaWaPwani
Mzee wangu shikamoo. Na punda wa H0 anatoka urefu gani?

Fundireli_Mstaafu
Marahaba. Sentimita moja na kidogo mabegani. Ukimpoteza hutamwona tena.

BarazaniKwetu
Na ile reli ya Lamu ya LAPSSET, ule mradi wa bandari na reli mpaka Sudan Kusini na Ethiopia, ni kipimo gani mzee? Tulizinduliwa Machi 2012, akaja Kibaki, akaja Salva Kiir, akaja Meles Zenawi. Gati la kwanza la bandari likafunguliwa 2021, sawa, tumeliona. Treni ni moja kwa ngapi?

Ua_la_Barani
Hiyo ni ndogo kuliko ya Hamburg. Haionekani hata kwa darubini.

MwanaMkomani
Siasa pelekeni barazani. Hapa ni familia na treni.

Mama_Wawili_Kilifi
Mie lazima nitoe langu, limenikaa kifuani. Mahali sipataji, wala nchi. Ilikuwa bustani ndogo ya treni, ya nje, unapita vijia. Tumemaliza, tumerudi Kenya, nafua nguo. Mfuko wa suruali ya kijana wangu una kitu. Natoa: mtu. Mwanamume wa sentimita mbili, ana koti la bluu na begi, chini ya viatu vyake gundi imekauka, alikokuwa amebandikwa. Namuuliza mtoto, huyu umemtoa wapi? Ananijibu, "Mama, alikuwa anangoja treni na treni zote zinampita. Nikamhurumia."

Sasa nifanyeje? Ana mwaka wa pili juu ya televisheni.

Ustadhi_wa_Langoni
Ni mali ya watu dada yangu. Mtoto hana dhambi, wewe umeshajua. Rudisha.

KaaWaPwani
Arudishe na nini? Stempu tu itagharimu kuliko mtu mwenyewe.

Ustadhi_wa_Langoni
Bei ya stempu haihalalishi.

MkeWaMtaliano_Malindi
Jamani ni mdoli! Hao wana maelfu, kila siku wanaanguka, wanapandishwa na mashine ya kufyonza vumbi.

Ustadhi_wa_Langoni
Na embe mwembeni nazo ni maelfu. Ukiokota ya jirani bila kumwambia?

MkeWaMtaliano_Malindi
Za Lamu hizo. Malindi embe ikianguka njiani ni ya anayepita.

Ua_la_Barani
Hapo ndipo tofauti ya miji yetu ilipo hehehe. Mama Wawili, mpe mtu atakayesafiri kwenda huko ambebe. Na umkatie tiketi, amekaa sana.

NahodhaMdogo_Shela
Mie nitaandika ndefu, msinikate.

Tulikuwa sita: mimi, mke, watoto watatu na mamangu. Mama ana miaka 71 na kabla ya safari ile mbali yake ilikuwa Mombasa. Kijerumani hajui, Kiingereza chake ni cha kuhesabia. Nikamwambia mke wangu, wewe shika watoto, mama nitamshika mimi. Maneno ya mwanamume hayo.

Kwa wasiofika: mule ndani Hamburg siku nzima ni dakika 15. Taa za dari zinaanza kufifia, jua linakuchwa, madirisha ya vijumba yanawaka moja moja, mpaka umebaki kwenye giza la buluu na vitaa maelfu chini yako. Kisha kunapambazuka. Mara ya kwanza mama alishtuka akauliza kama Magharibi imeingia.

Basi tumefika uwanja wa ndege, ule wa Knuffingen, mji wa kubuni, haumo kwenye ramani yoyote. Ndege inatoka kwenye maegesho yake, inajivuta taratibu, inakimbia, inainua pua na kupaa kweli, mpaka inaingia ukutani. Mimi nimenyanyua simu, narekodi. Kukaingia usiku. Ndege ikapaa, nikafurahi, nikageuka nimwonyeshe mama. Mama hayuko.

Nikasema yuko nyuma ya yule bwana mnene. Hayuko. Nikasema amemfuata mke wangu. Mke wangu huyo, na watoto watatu, ananiuliza mimi mama yuko wapi. Nikaanza kutafuta buibui jeusi gizani, Desemba, watu wote wamevaa makoti meusi! Nilimshika mtu bega nikaita "Mama!" Akageuka, ana ndevu.

Kukakucha. Kukachwa. Kukakucha tena. Kwa saa za mule mamangu amepotea siku mbili. Nilikwenda Amerika ya mule ndani, nikarudi Uswisi, nikapanda ngazi, nikashuka. Mtoto wangu wa kati ameshika vitufe vya kubonyeza, kila ukibonyeza kitu kinacheza mahali, naye analia na kubonyeza, analia na kubonyeza. Kichwani nimeshaanza kumpigia kaka yangu mkubwa simu. Nitamwambia nini? Nilikuwa narekodi ndege ya plastiki?

Kijana mmoja mfanyakazi akaniona, Mungu ampe kheri. Akauliza amevaaje, anasema lugha gani. Nikamwambia Kiswahili. Akalisema neno hilo kwenye redio yake, tukaanza kwenda chumba kwa chumba.

Tulimkuta sehemu ya Skandinavia. Walioiona wanajua, bahari ya kule si rangi. Ni maji ya kweli, lita 30,000, yanajaa na kupwa, na meli zinatembea juu yake. Mama ameegemea ukingo, mkoba kifuani, katulia, anaitazama meli ikiingia bandarini. Nikamwambia, mama, kwa nini umeondoka bila kusema? Akaniangalia kama mimi ndiye niliyepotea.

"Sikuondoka. Nilisukumwa na watu, nikageuka siwaoni. Mtu akipotea mui si huteremka pwani? Nikamwonyesha msichana mmoja hivi kwa mkono, mawimbi, akanileta. Nimekulinda hapa. Maji yamekupwa yakajaa, wewe huji."

Nilikaa chini. Pale pale sakafuni, watu wakanipita.

KaaWaPwani
Machozi na kicheko pamoja. "Nimekulinda" ya kwetu hiyo, yaani nimekungoja, kama "mui" ilivyo mji; mtu wa bara atadhani alikuwa askari.

MwanaMkomani
Wallahi bibi ana akili. Vichochoro vyote vya Lamu hata ukiwa mtoto mdogo unaambiwa: fuata maji machafu ya mtaro, yatakutoa pwani.

MkeWaMtaliano_Malindi
Ana ndevu!!!

Fundireli_Mstaafu
Nimemsomea mke wangu. Ameacha kusuka.

BarazaniKwetu
Sawa, nimekubali kushindwa. Hiyo ilistahili nauli. Lakini angepotea Shela pia ningesikiliza.

Ua_la_Barani
Na kumbukeni jumba lenyewe liko kwenye mtaa wa maghala ya zamani, Speicherstadt, matofali mekundu juu ya mifereji, kulikokuwa kukiwekwa kahawa, chai na viungo. Ukitoka tu mlangoni unaona maji na ngazi za matofali. Mama asingepotea mbali. Mtaa huo umeingia urithi wa dunia 2015.

MwanaMkomani
Mji wetu wa Lamu tangu 2001. Mwaka ule ule wao ndio wanafungua treni.

MkeWaMtaliano_Malindi
Lamu hamkosi pa kuingiza hiyo 2001.

Bwana_Tiketi
Nisaidieni, mwezi wa nane napeleka watoto wanne. Nifanyeje?

MwanaMkomani
Kata tiketi mapema mtandaoni, zina saa ya kuingia. Nenda asubuhi mapema.

KaaWaPwani
Asubuhi kuna foleni ya watalii. Nenda usiku, watoto wa Wazungu wamelala.

Ua_la_Barani
Usiku wa kwako nao wamelala! Utabeba wanne?

MkeWaMtaliano_Malindi
Andika namba ya simu mkononi mwa kila mtoto, kwa kalamu isiyofutika.

NahodhaMdogo_Shela
Na mkononi mwa mama.

Mama_Wawili_Kilifi
Kagua mifuko kabla ya kutoka. Yote.

Fundireli_Mstaafu
Kula kwanza. Na usiwaburute. Mwache mtoto achague kona moja akae nayo. Wangu wawili, mmoja alikaa nusu saa akingoja gari la zimamoto litoke, kule Knuffingen moto hauishi. Nilipomtoa kwa nguvu, gari likatoka. Ni mtu mzima sasa, bado ananisema.

Ustadhi_wa_Langoni
Nahodha, mama alisema nini mlipotoka?

NahodhaMdogo_Shela
Alilalamika. Aliniambia: meli za mizigo nimeona, za abiria nimeona, jahazi hata moja hakuna, bahari gani hiyo? Tuliporudi akamwendea fundi mmoja, yule anayechonga majahazi madogo ya kuuza, akamwagiza moja, tanga, foromali, kila kitu. Limekwisha wiki iliyopita. Anataka wifi yake MwanaMkomani alipeleke Hamburg, ndiyo maana nimeingia hapa.

MwanaMkomani
Wifi yangu anarudi mwezi ujao, nitamwuliza. Lina ukubwa gani?

NahodhaMdogo_Shela
Dhiraa moja hivi. Sentimita 45.

Fundireli_Mstaafu
Mara 87 hiyo ni mita 39. Hakuna jahazi la hivyo, mwanangu. La mita 15 lingetakiwa litoke sentimita 17. Mwambie mama fundi amelifanya kubwa mno, litazijaza bandari zao.

NahodhaMdogo_Shela
Nimemwambia. Anasema wao waongeze maji.