Tupeane uzoefu: fundi wa nyasi bandia anayeijua kazi ulimpataje?

Ndugu zangu wa Kampala na kwingineko Uganda, leteni yaliyowakuta. Naanza mimi.

Tunakaa Kyanja. Tulichoshwa na udongo mwekundu unaoingia ndani na nyayo za watoto, tukaamua kutandika nyasi bandia uani. Fundi wa kwanza alikuja na picha nzuri kwenye simu. Akafyeka, akasawazisha kwa jembe, akamwaga mchanga kidogo, akatandika. Siku mbili kazi imekwisha. Mvua za masika zilipokolea maji yakatuama katikati, ardhi ikadidimia, mishono ikaachia. Nilipopiga simu, haikupatikana tena.

Wa pili nilimpata kwa miguu yangu. Niliona ua wa shule ya chekechea jirani, nyasi zimetulia, nikabisha hodi. Walikuwa nazo mwaka wa tatu, wakanipa namba ya fundi. Huyu hakuanza na ukubwa wa eneo. Aliuliza maji ya paa yanaelekea wapi. Akachimba kama sentimita 15, akaondoa mfinyanzi, akajaza kokoto na kushindilia kwa mashine, akaweka vumbi la mawe, akashindilia tena huku akiacha mteremko kuelekea mtaroni. Nyasi zilikuja mwisho kabisa. Tangu hapo sitazami picha za mtu. Nataka kukanyaga kazi yake iliyokwisha kunyeshewa misimu miwili.

Wa Jinja: Pole, mama. Kwangu msingi ulikuwa mzuri, kosa likawa mwelekeo. Roli moja ya nyasi nyuzi zimelalia ukutani, nyingine zimelalia getini, basi upande mmoja unaonekana mweusi na mwingine unang'aa. Akasema tutazoea. Hatukuzoea. Mwambieni fundi atandaze roli zote kwanza, mzitazame kutoka mlangoni, ndipo ashike kisu na gundi.

Wa Mbarara: Mimi niko kwenye kamati ya wazazi, tulitaka kiwanja cha watoto cha mpira. Wawili walituletea nyasi za bustani, milimita 30! Za kandanda huwa ndefu zaidi, aghalabu 50 hadi 60, na hujazwa mchanga wa silika na chembe za mpira. Mmoja alitaka kutujazia mchanga wa kujengea, wenye udongo ndani. Ule huganda na kuziba njia ya maji. Tulifunga safari hadi Lugogo, Kampala, kuutazama uwanja wa nyasi bandia wa pale, tukarudi tukijua la kuuliza. Aliyejibu yote na kuyaandika kwenye mkataba ndiye tuliyempa kazi.

Wa Entebbe: Malipo ya mwisho nilimpa fundi baada ya kufungulia mpira wa maji nusu saa mbele yake, nione kama maji yanapita.

Wa Gulu: Ombeni kipande cha nyasi, kiacheni juani hadi saa nane mchana, kisha wekeni kiganja. Changu kiliunguza. Fundi mkweli aliniambia mwenyewe nipande mti kwanza, kazi tukaiahirisha. Nimemheshimu sana kwa hilo.

Wa Kyanja: Asanteni. Wa Mbarara, ule mchanga wa silika mliupata wapi? Na aliyefanyiwa kazi Fort Portal, kwenye mvua zile, aandike tafadhali. Dada yangu anataka kuanza kabla ya Septemba.